Kinachokumwaga Mbele: Namna ya Kupunguza Maumivu ya Viatu vya Mchuchumio

Katika baraza la duka moja katikati ya Kampala, hatua chache kutoka kituo cha zamani cha taksi, yupo fundi viatu mwenyeji wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye huzungumza Kiswahili na kila mteja anayeweza kumjibu kwa lugha hiyo. Nilimpelekea viatu vyangu vyeusi vya mchuchumio nikiwa nimekwisha kuvikatia tamaa. Nilimweleza kwamba vinaniwaka moto chini ya vidole, kwamba nimevitia pedi mbili za jeli, moja juu ya nyingine, na bado havivaliki kwa zaidi ya saa moja, na kwamba bila shaka kosa ni urefu wa kisigino. Hakunijibu. Aliingiza vidole ndani, akazibandua pedi zote mbili na kuziweka kando, akakisimamisha kiatu juu ya kibao chake, kisha akakibonyeza kwa dole gumba pale katikati ambapo soli hupanda kuelekea kisigino. Kiatu kikanesa, na kisigino kikasogea nyuma. "Nyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda, "mfupa wa kiatu umevunjika. Kila ukikanyaga kinakumwaga mbele."

Mfupa aliousema ni kipande chembamba cha chuma kinachofichwa kati ya soli ya ndani na soli ya nje, kikianzia chini ya kisigino na kuishia nyuma kidogo ya mahali vidole vinapoanzia. Kiatu cha kawaida kinaweza kuishi bila chuma hicho kwa sababu soli yake yote hulala chini. Kiatu cha mchuchumio hakiwezi, kwa kuwa sehemu yake ya kati huning'inia hewani kama daraja, na daraja lisilo na boriti hupinda kila mzigo unapopita. Fundi alitia chuma kipya, akakigongomea kisigino upya, na viatu vilevile, kwa urefu uleule, vikaanza kuvalika. Tangu siku hiyo nimeifuatilia habari hii kwa makini, na neno lake la kumwagwa mbele ndilo lililonisaidia kuelewa karibu kila nilichokisoma baadaye.

Mguu wa binadamu, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole, una mifupa 26. Mtu anaposimama pekupeku kwenye sakafu tambarare, sehemu kubwa ya uzito hutua kwenye kisigino, ambacho ni mfupa mnene uliowekewa mto wa mafuta chini yake kwa kazi hiyo, na uliobaki hugawanywa mbele. Kisigino kikiinuliwa, uzito huhamia kwenye vichwa vya mifupa mitano myembamba iliyo nyuma ya vidole. Vipimo ambavyo wataalamu wa miguu huvinukuu mara kwa mara vinaonyesha kwamba kisigino cha sentimita 2.5 huongeza shinikizo la sehemu hiyo ya mbele kwa takriban asilimia 22, cha sentimita 5 kwa asilimia 57, na cha sentimita 7.5 kwa asilimia 76. Kwa hiyo urefu una hatia, na sitaki msomaji adhani kwamba ninautetea. Hata hivyo, uzito uliohamia mbele hufanya mambo mawili yaliyo tofauti: huukandamiza wayo kwenda chini, na huusukuma mguu mzima kuteleza kwenye mteremko wa kiatu hadi vidole vijikusanye kwenye ncha. Pedi laini hutibu jambo la kwanza tu. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowatoa wanawake wengi viatu kabla sherehe haijaisha, halitibiwi kwa ulaini. Hutibiwa kwa kuuzuia mguu usiteleze.

Ukubwa wa mteremko huo hautegemei urefu wa kisigino peke yake, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Tuchukue kisigino cha sentimita 8. Mwanamke mwenye mguu wa sentimita 24 ana takriban sentimita 17 kutoka nyuma ya kisigino hadi pale mguu unapokunjika kwa ajili ya vidole, na kiatu hicho humsimamisha kwenye mteremko wa kama digrii 28. Dada yake mwenye mguu mdogo wa sentimita 22 atakuwa kwenye digrii zinazokaribia 31, na shangazi yao mwenye mguu wa sentimita 26 kwenye digrii 26 tu. Watatu hao wamevaa urefu mmoja kwenye rula, lakini miguuni si mmoja. Ndiyo sababu si haki kumwambia mwenzio kwamba viatu fulani "haviumi kabisa" kwa kuwa wewe uliviweza. Hesabu hiyohiyo inaeleza faida ya viatu vyenye soli nene upande wa mbele: kisigino cha sentimita 11 kilichowekewa soli ya mbele ya sentimita 4 huuacha mguu kwenye mteremko wa sentimita 7. Faida hiyo ina gharama yake, kwani soli nene haikunjiki na huuweka mguu mbali na ardhi, na kifundo kikipinduka hupinduka kutoka juu zaidi.

Mguu ukishateleza, vidole huingia kwenye sehemu iliyochongwa kwa ajili ya macho. Kidole gumba husukumwa kuelekea wenzake, na mtu mwenye mwelekeo wa kurithi huona kifundo cha dole hilo kikizidi kutokeza upande wa ndani mwaka hadi mwaka. Vidole vingine hukunjwa na kuota sugu juu ya viungo vyake. Kati ya kidole cha tatu na cha nne hupita neva ambayo, ikibanwa kwa muda mrefu, tishu zinazoizunguka hunenepa, na mwenyewe huhisi kama amekanyaga kokoto isiyokuwepo. Wengi wetu tukihisi mbano huo hukimbilia kununua namba kubwa zaidi, tukiamini kwamba nafasi ndiyo dawa. Katika kiatu tambarare huenda ikawa dawa. Katika kiatu cha mchuchumio namba kubwa huulegeza mguu, mguu huteleza mbali zaidi, vidole hubanwa vilevile, na sasa kisigino nacho huchomoka nyuma kila hatua. Kinachotakiwa ni kiatu chenye urefu wa mguu wako lakini kipana zaidi na chenye ncha ya mviringo au ya mraba mbele, na kipana hicho kikikosekana, heri umbo jingine kabisa kuliko namba ya juu.

Anayenunua viatu vya mivumba, yaani mitumba, pale Owino, soko ambalo kwa jina rasmi ni St. Balikuddembe, ana kazi ya ziada, kwa sababu katika rundo moja hukutana namba za Ulaya, za Uingereza na za Marekani, na kiatu kimekwisha kulegea kwa mguu wa mtu mwingine. Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita na ya Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, kwa hiyo hata anayejua kubadilisha namba hufika kwenye makadirio tu. Njia ya uhakika ni karatasi. Jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kwa kazi za kutwa, simama juu ya karatasi ngumu ukiwa umeuachia mguu uzito wako wote, mtu mwingine akuchoree mzunguko wa kila mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha ukate michoro hiyo na kuiweka kwenye mkoba. Ukiwa sokoni, linganisha mchoro na soli ya kiatu ukiegemea ule mkubwa, kwa maana ni wachache wenye miguu miwili iliyo sawa. Pale ambapo karatasi inatokeza nje ya soli kwa upana, hapo ndipo nyama itakapokunjwa. Baada ya hapo kiweke kiatu juu ya meza ya mwenye bidhaa na ukibonyeze mbele na katikati kama alivyofanya fundi wangu. Kisigino kikiyumba, au katikati pakinesa, kuna chuma kilichochoka, na bei iteremke kwa kadiri ya kazi ya kukibadilisha.

Sasa tuje kwenye kuuzuia mguu. Kizuizi bora hushonwa kiwandani: mkanda unaopita juu ya mguu au kukizunguka kifundo. Mkanda huo huurudisha mguu nyuma kila unapotaka kushuka, na mwanamke aliyeuvaa hana haja ya kukunja vidole ili kukishikilia kiatu, kazi ambayo peke yake huchosha kuliko tunavyodhani. Skuna zisizo na mkanda, hasa zilizokatwa chini sana mbele, hazina cha kuushika mguu isipokuwa vidole na ukingo wa nyuma. Kizuizi cha pili hukaa chini ya upinde wa wayo. Ingiza kidole kati ya upinde wako na soli ya ndani ukiwa umesimama. Kikipita bila shida, upinde unaelea hewani na uzito wote unatafuta pa kwenda. Pedi nyembamba inayoijaza nafasi hiyo hufanya wayo ukae kwenye mteremko kama mtu aliyepata kidaraja cha kukanyaga, na sehemu ya mzigo hubaki pale. Soksi ndefu za nailoni hufanya kinyume chake, kwani huteleza juu ya soli laini kama sahani yenye mafuta. Anayelazimika kuzivaa atafute zenye wayo wa kamba za mpira, au aweke soli ya ndani ya ngozi iliyosuguliwa upande wa nyuzi.

Kuhusu pedi za mbele, kosa langu la kurundika mbili ni la kawaida mno. Kila pedi hula nafasi iliyokuwa ya vidole, na pedi ya jeli iliyo chini kabisa ya vidole huongeza mbano wa juu hata kama imepunguza ukali wa chini. Ipo pedi nyingine, ndogo na yenye umbo la tone la maji, ambayo haiwekwi pale panapouma bali nyuma yake kidogo. Kazi yake ni kuinua shingo za ile mifupa mitano ili vichwa vyake visikandamizwe peke yao, na pia kuitenganisha kidogo ili neva ipate pa kupita. Ili kupapata mahali pake, paka rangi ya mdomo kidogo kwenye ngozi ya wayo pale panapouma, vaa kiatu, simama, kisha vua: alama itabaki kwenye soli ya ndani, na tone libandikwe nyuma ya alama hiyo, ncha yake ikielekea kisigino. Likiwekwa juu ya alama yenyewe litaongeza maumivu, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya watu hulitupa siku ya kwanza na kusema halifai.

Ngozi halisi inayobana hukubali kupanuliwa. Vaa soksi nene, ingiza miguu kiatuni, puliza kwa mashine ya kukaushia nywele kwa nusu dakika pale panapobana huku ukichezesha vidole, na usivue hadi kiatu kipoe. Fundi mwenye kalibu ya kupanulia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na bila hatari ya kuiunguza gundi. Ngozi bandia hupasuka au hurudi ilivyokuwa, na mfuko wa maji unaogandishwa ndani ya kiatu kwenye friza hauibadilishi tabia yake.

Lengelenge hutokana na msuguano juu ya ngozi yenye unyevu. Mafuta ya mgando hupunguza msuguano mwanzoni, lakini yakishaingia kwenye ngozi na kuilainisha, msuguano huweza kurudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo, kwa hiyo yanamfaa anayekwenda kanisani au msikitini na kurudi, si anayekesha kwenye harusi. Plasta laini iliyobandikwa mapema, kabla ngozi haijaanza kuwaka, hudumu zaidi.

Ardhi ya Uganda nayo ina sehemu yake. Katika kwanjula moja, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, niliyohudhuria nje ya Kampala, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mahema yamesimamishwa juu ya nyasi. Tulikuwa tumejipanga tukiwa na gomesi, vazi refu la heshima la wanawake, zamu yetu ikafika ya kuingia mbele ya wageni, na kwenye hatua ya tatu kisigino changu cha kulia kikazama chote. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki kimesimama ardhini. Sababu yake ni hesabu nyepesi: ncha ya kisigino yenye sentimita moja kwa sentimita moja inapobeba kilo 30, kilo zote hizo zinaangukia eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kifuniko cha plastiki chenye sentimita tatu kwa tatu kikivishwa kwenye ncha hiyo, eneo linakuwa mara tisa na shinikizo linashuka hadi moja ya tisa, na nyasi hubeba. Kisigino kilichoungana na soli mithili ya kabari hufanya vivyo hivyo bila kifuniko, na ndicho ninachowashauri mabinti wanaosindikiza bwana na bibi harusi uwanjani. Na kwa kuwa katika sherehe hizo tunapiga magoti kusalimu, ni muhimu kiatu kiwe rahisi kuvuliwa kando ya mkeka. Kupiga magoti ukiwa umevaa mchuchumio huvikunja vidole kurudi nyuma kupita kiasi, kwa uzito wa mwili wote, juu ya soli isiyotaka kukunjika.

Vilima navyo vina kanuni yao. Anayeshuka kutoka Nakasero kuelekea mjini huongeza mteremko wa barabara juu ya mteremko wa kiatu: digrii 28 za kiatu na 8 za njia hufanya mguu umwagike kwa digrii 36. Anayepanda hupunguziwa, na vidole vyake hupumzika ingawa mashavu ya miguu hufanya kazi zaidi. Kwa hiyo, kama ni lazima kubadilisha viatu njiani, vibadilishwe kabla ya kushuka. Kwenye boda boda sandali ndizo za kuvaliwa, na mchuchumio ukae mkobani, kwani anayekaa upande huning'iniza kisigino karibu na mahali ambapo hakitakiwi, na akishuka hushukia mguu mmoja juu ya changarawe. Katika mwendo wenyewe hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie kwa upole na sehemu ya mbele ifuate mara moja. Kipande cha mpira kilicho kwenye ncha ya kisigino kibadilishwe kabla msumari haujatokeza, kwa sababu msumari juu ya vigae vya benki au vya hospitali huteleza kama barafu.

Kuna madhara ambayo hayaondolewi na mkanda wala pedi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Journal of Experimental Biology uliwachunguza wanawake waliozoea kuvaa visigino vya angalau sentimita 5, mara tano kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi, ukakuta nyuzi za misuli ya mashavu ya miguu yao zimefupika kwa takriban asilimia 13, na kano ya kisigino imenenepa na kukakamaa. Hilo linaeleza kwa nini baadhi ya mama zetu husema viatu tambarare ndivyo vinavyowaumiza: misuli iliyofupika huvutwa inaporudishwa chini. Mtu wa namna hiyo asiache mchuchumio kwa siku moja, bali ashuke sentimita moja au mbili kwa wakati, na kila jioni asimame akiwa ameegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino chini, kwa nusu dakika kila upande, mara tatu. Kuhusu magoti, utafiti wa mwaka 1998 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba nguvu zinazolipinda goti huongezeka kwa takriban asilimia 23 ukilinganisha na kutembea pekupeku, na kazi iliyofuata mwaka 2001 ikaonyesha kwamba visigino vipana navyo huzidisha nguvu hizo. Kisigino kipana hukupa uthabiti wa kifundo, jambo la maana sana kwenye njia zetu. Goti, hata hivyo, halipunguziwi mzigo.

Wapo wanaoshauri kufunga pamoja kwa plasta kidole cha tatu na cha nne ili maumivu yasisikike; sijaona sababu ya kuutegemea ushauri huo, ingawa haudhuru. Dawa za kupuliza za kutia ganzi ninazipinga waziwazi. Maumivu ndiyo yanayomfanya mtu akae chini kabla ngozi haijachubuka au kifundo hakijapinduka, na anayeyazima huendelea kutembea juu ya jeraha. Mwenye kisukari ambaye hisia za miguu zimepungua tayari yuko katika hali hiyo bila dawa yoyote, na kwake mchuchumio haufai hata kwa saa moja. Mjamzito pia auweke kando, kwa kuwa mishipa inayoshikilia viungo hulegea na uzito husogea mbele. Waajiri nao wanahusika. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipiga marufuku mwaka 2017 kumlazimisha mfanyakazi avae visigino virefu, na natamani kila ofisi inayowapanga wasichana mapokezi kutwa nzima ifikirie jambo hilo bila kungoja sheria.

Usiku, viatu vikishavuliwa, itazame miguu kwenye mwanga kabla hujaiosha. Wekundu kwenye ncha za vidole unaonyesha kwamba mguu uliteleza, na kinachotakiwa ni mkanda au pedi ya upinde. Wekundu pembeni mwa kidole gumba na kidole kidogo unaonyesha kwamba kiatu ni chembamba, na hapo kazi ni ya kalibu. Mstari mwekundu nyuma ya kisigino unaonyesha kwamba kisigino kilikuwa kikipanda na kushuka, na kipande cha ngozi laini kilichobandikwa ndani ya ukingo wa nyuma hukishika. Alama zisizofutika hadi asubuhi, au ganzi inayobaki vidoleni siku ya pili, zipelekwe kwa daktari, na viatu vyenyewe vipelekwe pia ndani ya mfuko, kwa sababu soli iliyolika humwonyesha mahali uzito ulipokuwa ukitua.